UZI: Kabla hamjachora nembo ya distro yenu, tuwaangalie waliorithi CrunchBang

kobe_wa_kerneli (mwenye uzi)

Wakuu, salaam.

Humu jukwaani kuna vijana wanapanga kutengeneza distro nyepesi ya Linux (mfumo wa kompyuta uliopangwa tayari kusakinishwa) kwa ajili ya laptop za RAM 2GB, wote wa kujitolea, hakuna anayelipwa. Jambo la heri. Ila nimefuatilia mjadala wao na karibu wote umeishia kwenye jina na nembo. Mmoja anataka twiga, mwingine Mlima Kilimanjaro, wa tatu kashaanza kuchora chui. (Chui Apple walishamtumia kwenye Mac OS X tangu 2007, lakini tuyaache hayo.)

Sitaki kuwavunja moyo. Nataka kuwaletea kisa cha timu moja ya watu wa kujitolea iliyofanya kazi hiyo hiyo: BunsenLabs. Uzi ni mrefu, mwenye haraka apite tu.

Tuanze na mzazi wake. CrunchBang ni distro iliyoanzishwa na Mwingereza, Philip Newborough, ikatoka 2008 ikiwa juu ya Ubuntu, baadaye ikahamia Debian (hizo mbili ni distro kubwa ambazo nyingine hujengwa juu yake). Ilijiandika #!, zile alama mbili zinazofungua skripti za Unix. Ukiiwasha unakuta weusi na kijivu, basi. Eneokazi halina aikoni hata moja. Openbox inasimamia madirisha, tint2 ndiyo paneli, na upande wa kulia kuna Conky inayoonyesha matumizi ya RAM na prosesa. Chini ya hapo kuna orodha ya vitufe: Super (kile chenye alama ya Windows)+T terminali, Super+F mafaili, Super+W kivinjari, Super+Space menyu.

Hiyo orodha ya vitufe mimi naiona ni usanifu wa hali ya juu kuliko nembo nyingi nilizoziona. Kazi yake ni kumfundisha mgeni, maana Openbox peke yake, bila kitufe cha menyu cha kubofya, inamwacha mtu ameduwaa mbele ya skrini tupu. Wakati huo huo ni pambo, na haiongezi mzigo wa maana kwa sababu Conky inakuwa inaendesha tayari. Na ndiyo utambulisho wenyewe: picha ya skrini ikipita popote mtandaoni, mtu anajua hii ni CrunchBang kabla hajasoma jina.

Tarehe 6 Februari 2015 Newborough akatangaza kwamba anaiacha. Hakugombana na mtu. Alisema kwa uwazi kwamba mambo yamebadilika tangu aanze, Debian yenyewe sasa inatosha, na haoni tena thamani ya kuendelea.

Hapo ndipo pa kujifunza. Mwenye mradi anaondoka. Kodi (msimbo wa programu) zote ziko Debian, hakuna kilichopotea. Openbox ipo, tint2 ipo, Conky ipo, unaandika apt install unapata kila kitu. Lakini watumiaji walilia kama wamefiwa. Walikuwa wanalilia nini? Walikuwa wanalilia mpangilio: rangi zile, vitufe vile, uamuzi wa kwamba hiki kiwepo na kile kisiwepo. Kwa distro nyepesi inayojengwa juu ya Debian, mpangilio ndiyo bidhaa yenyewe. Vingine vyote umeazima.

Zikatokea njia mbili. CrunchBang++ ikaendelea na jina la zamani na kuongeza alama mbili. Kundi lingine likaamua kuunda timu na kuanza na jina jipya kabisa, BunsenLabs. Matoleo ya CrunchBang yalikuwa yanaitwa majina ya vikaragosi vya Muppets, kama Statler na Waldorf. Humo humo kwenye Muppets yumo mwanasayansi Bunsen Honeydew na maabara yake. Na Bunsen ni kile kichomeo cha gesi cha maabara ya shule, kwa hiyo nembo ikawa mwali wa moto. Matoleo nayo yakapewa majina ya elementi kwa mpangilio wa jedwali: Hydrogen, Helium, Lithium, Beryllium, Boron na kuendelea.

Hebu angalieni walichokifanya. Jina moja limeamua nembo, na limeamua majina ya matoleo yajayo mpaka wajukuu wao. Hakuna tena kikao cha kubishania jina la toleo. Kwa timu ya watu wanaofanya kazi usiku baada ya kutoka kazini, kuepushiwa ubishi ni neema kubwa. Debian wenyewe wanafanya hivyo hivyo kwa majina ya Toy Story: Jessie, Stretch, Buster, Bullseye, Bookworm.

Sasa tuingie jikoni.

Chukua rangi moja tu, kijivu cha paneli yako. Unadhani unaiandika mara moja? Unaiandika kwenye faili la themerc la Openbox. Unaiandika kwenye themu ya GTK2 (GTK ni zana zinazochora vitufe na madirisha ya programu) kwa lugha yake, kisha kwenye themu ya GTK3 ambayo ni CSS, lugha ya mitindo ya kurasa za wavuti. Kwenye tint2 inaandikwa na asilimia ya uwazi pembeni, mfano #222222 60. Conky ina utaratibu wake, menyu ina wake, skrini ya kuingilia ya LightDM ina wake, GRUB (ile menyu ya kwanza unapowasha mashine) ina wake. Aliyepiga kura ya "tuongeze kijivu kidogo" kaondoka kulala, na mtu mmoja kabaki anafungua mafaili manane.

Na mafaili hayo hayakai kimya. Hydrogen ilitoka 2016 juu ya Debian Jessie. Helium ikafuata 2018 juu ya Stretch. Katikati hapo Conky ilikuwa imeingia toleo 1.10, mpangilio mzima wa faili lake, conkyrc, ukageuzwa kuwa wa lugha ya Lua, kwa hiyo conkyrc za zamani zikabidi zigeuzwe. GTK nayo toleo la 3.20 ilibadilisha jinsi CSS inavyotaja sehemu za dirisha, themu nyingi zikavurugika: vitufe vinapotea, maandishi meupe juu ya weupe. Yote mawili yamemwangukia mtu wa kujitolea katika toleo moja. Yeye hakukosea popote, dunia tu imesogea chini ya miguu yake.

Ndiyo maana nasema nembo ni kazi ndogo. Nembo unaichora mara moja. Mpangilio unaulea.

Jambo la tatu, halafu niwaachie na nyie. Wengi wanaotengeneza distro mara ya kwanza wanatupa mipangilio yao ndani ya /etc/skel, mtumiaji akiundwa anapata nakala. Safi. Miezi sita baadaye unarekebisha kosa kwenye rc.xml, faili la mipangilio la Openbox. Nani atalipata rekebisho hilo? Mtumiaji mpya peke yake. Wa zamani wote nakala zao ziko kwenye folda zao za nyumbani na huna ruhusa wala haki ya kuzigusa. BunsenLabs waliweka mipangilio kwenye kifurushi kinachoitwa bunsen-configs, mafaili yanakaa /usr/share/bunsen/skel, na kuna skripti bl-user-setup ambayo mtumiaji mwenyewe anaiendesha akitaka kuvuta mipangilio hiyo. Skripti hiyo huwezi kuipiga picha ukaiweka kwenye bango, lakini bila kitu kama hicho sura ya distro yako itakuwa tofauti kwa kila mtu ndani ya mwaka mmoja.

Karibuni.

Shamsa_apt

Mkuu umeshusha nondo. Swali langu: ikiwa mwenye CrunchBang mwenyewe alisema Debian inatosha, hawa wengine wanahangaika nini? Mtu asakinishe Debian na LXQt, eneokazi jepesi lililo tayari, maisha yaendelee.

kobe_wa_kerneli

Shamsa, hoja yake ni sahihi kwa mtu kama yeye na kama wewe. Kwa mtu anayejua anachokitaka, Debian inatosha kabisa. Mimi mwenyewe mashine ya kazini ni Debian tupu.

Ila kuna mtu ambaye hajui kwamba Openbox inaitwa Openbox. Huyo anahitaji mwingine amwamulie. Distro ya aina hii inauza maamuzi yaliyokwisha kufanywa, na ndiyo maana ikiwa na chaguo kumi za kila kitu inakuwa imejipoteza.

mzee_wa_terminali

Naongezea alipoishia mwenye uzi. Kuna faida moja ya kujenga juu ya Debian bila kuigusa ndani ambayo vijana hawaioni. Angalieni tarehe. Buster ilitoka Julai 2019, Lithium ya BunsenLabs ikatoka Agosti 2020. Bullseye Agosti 2021, Beryllium Januari 2023. Bookworm Juni 2023, Boron Januari 2024. Wanachelewa miezi, pengine zaidi ya mwaka.

Je, mtumiaji kaumia? Hapana. Masasisho ya usalama yanakuja moja kwa moja kutoka seva za Debian, BunsenLabs wanaongeza ghala lao dogo la vifurushi vya sura na skripti tu. Timu ikilala, kompyuta ya mtu inaendelea kuzibwa matundu. Sasa linganisha na timu inayoamua kujenga kerneli (kiini cha mfumo) yake na kivinjari chake ili ionekane ya maana. Watu watatu wa kujitolea hawawezi kufukuzana na masasisho ya kivinjari. Wakichoka, waliowaamini ndio wanaobaki uchi.

fundi_wa_likoni

Mimi naandika kutoka Mombasa, kazi yangu ni kutengeneza hizi kompyuta zatoka Ulaya zimechoka. Nawaambieni ukweli, hiyo habari ya "distro yangu yatumia RAM kidogo" ni maneno ya bango. Mteja hakai aangalia Conky. Afungua kivinjari, afungua YouTube, na mtandao wa benki upande wa pili. Hapo RAM yote imekwenda na Openbox yako haina la kusema.

Mimi nikipata mashine ya 2GB, kwanza naweka SSD hata ndogo, kisha nawasha zram, ile inayobana data ndani ya RAM ili ienee zaidi. Hivyo viwili mteja avihisi. Sasa hiyo timu ikitaka kunisaidia mimi, iweke zram iwe tayari tangu mwanzo, na kivinjari kiwe na kizuizi cha matangazo. Chui wao wamweke wapendapo.

La pili. Kuna watu bado waniletea vile vidogo vya Atom N270, vya biti 32. Debian 13 iliyotoka Agosti 2025 haina tena kisakinishi wala kerneli ya i386, yaani ya biti 32. Zamani BunsenLabs Helium walikuwa hata na faili la ISO la kuingia kwenye CD, kwa mashine kongwe za biti 32 zisizokuwa na PAE (uwezo wa prosesa wa kutumia RAM zaidi ya 4GB). Zama hizo zapita. Timu mpya iamue mapema: ni biti 64 peke yake, prosesa kongwe kabisa ni Core 2 Duo, na iandike hivyo ukurasa wa kwanza ili mtu asipoteze bando lake kupakua kitu kisichowaka.

kobe_wa_kerneli

Fundi, hilo la kuandika ukurasa wa kwanza nalipigia mstari. "Hatuhudumii mashine za biti 32" ni sehemu ya chapa kuliko rangi yoyote. Na zram naunga mkono.

dada_wa_mizizi

Naomba niulize upande wa sheria. Kaka yangu yumo kwenye hiyo timu na wanataka kuiita "Debian" kisha jina la Kiswahili mbele yake. Inaruhusiwa?

mzee_wa_terminali

Mwambie aache. Jina Debian na nembo yake ni alama za biashara zinazoshikiliwa na shirika la SPI la Marekani. Kusema "imejengwa juu ya Debian" ni sawa, huo ni ukweli. Kujiita Debian Fulani bila ruhusa ni kumfanya mtu aamini kwamba nyinyi ndio wao. Hata neno Linux lenyewe ni alama ya biashara, imesajiliwa kwa jina la Linus Torvalds.

Na Debian wenyewe yaliwakuta. Mwaka 2006 Mozilla waliwaambia ukitumia jina Firefox utumie na nembo yake, na mabadiliko yako tuyaidhinishe. Nembo haikuwa na leseni huru, Debian wakakataa, wakaibadilisha jina ikawa Iceweasel. Miaka kumi watu wanauliza Firefox iko wapi, mpaka 2016 walipoelewana. Distro ya Mandrake nayo, kesi ya mmiliki wa kikaragosi cha Mandrake iliwaandama, mwaka 2005 wakawa Mandriva.

Ndiyo maana BunsenLabs kuchukua jina jipya naona walikuwa na akili. Walibeba mpangilio wa CrunchBang wakaacha jina kwa mwenyewe.

Shamsa_apt

Sawa, nimekubali nusu. Lakini mbona hamjagusa Kiswahili? Distro ya kwetu sura yake ingekuwa menyu za Kiswahili. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kupitia mradi wa Kilinux walitoa Jambo OpenOffice mwaka 2004, ofisi nzima kwa Kiswahili. Hiyo ilikuwa chapa hasa, mtu anafungua anaona lugha yake.

kobe_wa_kerneli

Shamsa hapo umenigusa, na nakubaliana nawe zaidi ya nusu. Tahadhari moja tu: tafsiri usiiweke ndani ya distro yako. Ipeleke kwenye mradi wenyewe, LXQt, tint2, popote inapotoka. Ukiibakiza kwako, kila toleo jipya utaanza kuirekebisha peke yako, na siku timu ikivunjika kazi imepotea. Ukiipeleka kule, hata anayetumia distro nyingine Bujumbura au Goma anaipata.

Mfano mzuri upo kwa hawa hawa BunsenLabs. Mmoja wa wanajumuiya wao aliandika jgmenu, menyu ndogo, kwa sababu menyu ya Openbox haikuwa inapendeza wala haina sehemu ya kutafutia. Hakuifungia ndani, leo iko Debian na kwingineko. Mtu huyo huyo baadaye akaanzisha labwc, ambayo ni kama Openbox kwa ajili ya Wayland (mfumo mpya wa kuonyesha madirisha unaochukua nafasi ya X11 ya zamani), inasoma themu za Openbox na ina rc.xml yake. Oktoba 2024 Raspberry Pi OS, mfumo wa zile kompyuta ndogo za Raspberry Pi, wakaifanya chaguo lao la msingi. Na inahitajika, maana Openbox toleo lake la mwisho ni la 2015 na inategemea X11. Timu inayoanza leo ianze kutazama huko.

mchora_chui

Mimi ndiye mnayenisema humu 😂. Nimesoma yote. Basi niambieni nisaidie vipi, maana kodi siandiki, mimi ni mtu wa michoro.

kobe_wa_kerneli

Karibu sana mkuu, wewe ndiye mtu adimu kuliko wote. Waandika skripti wapo wengi, wachoraji wanaokaa mpaka mwisho ni wachache. Debian nzima huwa wanaita wachoraji hadharani kila toleo, wanapigiwa kura, kazi iliyoshinda inaingia kwenye kifurushi cha desktop-base. Juliette Belin alishinda kwa Jessie, Stretch, na tena Bullseye.

Angalieni walivyoipanga kura yenyewe. Hawapigi kura ya rangi ya kitufe hiki na picha ya kile. Mchoraji analeta kazi kamili: wolpepa, skrini ya kuingilia, GRUB, vyote vimekubaliana, watu wanachagua moja kati ya kamili. Ukipiga kura kipande kipande unapata kitu kisichokuwa na mwenyewe.

mzee_wa_terminali

Na mambo ya kifundi ili kazi yake isipotee. Msifute picha za Debian na kubandika zenu juu yake, sasisho likija zinarudi za Debian. Tumieni update-alternatives, ndiyo njia iliyowekwa kwa kazi hiyo. Jina la mfumo vile vile: ukibadilisha os-release (faili lenye jina la mfumo) kwa mkono, faili hilo ni la kifurushi cha base-files, siku kikisasishwa distro yenu inaamka inaitwa Debian tena. Tumieni dpkg-divert ndani ya kifurushi chenu. ISO (faili la kusakinishia) ijengwe kwa live-build, zana ya Debian ya kazi hiyo, orodha ya vifurushi iwe faili la maandishi ambalo kila mwanatimu analisoma, ili akiondoka mmoja mwingine aweze kujenga.

mchora_chui

Sawa wazee. Kwa hiyo niendelee na chui au nisiendelee?

kobe_wa_kerneli

Endelea. Masharti matatu. Lete SVG (mchoro unaokuzwa bila kuharibika), usilete PNG peke yake, mtu wa baadaye atahitaji kuibadilisha ukubwa na wewe haupo. Andika leseni huru ndani ya folda tangu siku ya kwanza, CC BY-SA inatosha, na usitumie fonti au picha uliyoiokota Google. Na uijaribu kwa pikseli 16, rangi moja, maana pale kwenye paneli ya tint2 ndipo atakapokaa. Kama madoa yanageuka tope, mchore kichwa tu.

fundi_wa_likoni

Na mkimaliza mniletee flashi mbili tatu. Nina Core 2 Duo hapa zakaa bure, nitaziwasha niwaambie.